Pleti ya Mbele, Kulia

Koleo alikuwa na miaka thelathini na miwili kwenye kazi ya majiko, pasi, birika na kila kitu kinachochemka kwa waya, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwita aje aamue kama mtu ana akili zake au hana. Alizoea kuitwa kwa kuwa jiko haliwaki, au linapiga shoti, au linawaka upande mmoja tu kama mtu aliyepooza. Safari hii sauti ya mwanamke kwenye simu ilimwambia jiko linawaka vizuri, ila aje alipime.

"Sasa kama linawaka vizuri, dada, napima nini?"

"Kama linazima," akasema yule mwanamke.

Alikuwa mfamasia, kifunguamimba wa familia, na alieleza mambo kama mtu anayeeleza dawa: ngapi, mara ngapi, kabla au baada ya kula. Mama yao, alisema, ana miaka sabini na sita na anakaa peke yake. Ndani ya miezi mitatu kumetokea mambo matatu. Kwanza beseni la plastiki liliyeyukia juu ya jiko. Halafu kitambaa cha kufutia vyombo kikaanza kufuka moshi palepale jikoni. Mwisho sufuria ya viazi ikaungua mpaka jirani akavunja kioo cha dirisha ili aingie. Kila mara mama anasema alizima. Basi watoto wamekaa wakakata shauri. Ikiwa jiko ni bovu, litengenezwe na mama abaki kwake. Ikiwa jiko ni zima, basi anayesahau ni mama, na Jumamosi anahamia kwa binti yake. Chumba kimeshaandaliwa, na kitanda kimeshanunuliwa.

Koleo akauliza kama mama mwenyewe anajua kwamba fundi anakuja kwa shughuli hiyo.

"Yeye ndiye aliyetaka," akasema mfamasia. "Amesema jiko lipimwe na mtu ambaye hamjui yeyote kati yetu."

Alhamisi saa nane mchana Koleo akabisha hodi. Aliyefungua alikuwa kitindamimba, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mpima ardhi, mwenye viatu vya vumbi na uso wa mtu aliyetangulia kuomba radhi. Yeye hakuafiki habari ya kuhama, lakini alikuwa mmoja na dada yake alikuwa dada yake. Alimwongoza Koleo kupitia sebule iliyokuwa na mashine ya taipu juu ya meza ndogo, imefunikwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, mpaka jikoni.

Chumba cha kupikia kilikuwa safi kiasi cha kumfanya fundi afute viatu mara mbili. Dirisha moja lilikuwa na kioo kipya, bado kina alama za vidole vya mweka vioo. Kuta zilikuwa za rangi ya krimu, zimepakwa si zamani sana. Jiko la umeme lenyewe lilisimama kati ya sinki na kabati, jeupe, pleti nne juu na oveni chini, umri wake kama miaka kumi na minane, limetunzwa kama gari la mtu anayestaafu. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao kando ya mlango, mgongo wima, mikono magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, fundi. Unataka maelezo yangu sasa au baada ya kupima?"

Koleo akasema sasa. Hakujua anaulizwa na nani. Mama huyu alikuwa amefanya kazi ya kupiga taipu mahakamani kwa miaka thelathini na mmoja, akiandika maneno ya mashahidi jinsi yanavyotoka kinywani, na mtaa mzima ulimwita Mama Taipu. Akatoa maelezo yake kwa mpangilio. Beseni: siku ya Jumatano, alipika kwa saa moja na nusu kwenye pleti ya mbele kulia, huku oveni inaoka mkate. Akazima oveni, akazima pleti, akatazama kishikio kikasoma sifuri, akaondoa sufuria. Baada ya dakika arobaini hivi akaweka beseni tupu palepale, akijua pleti imeshapoa. Likayeyuka. Kitambaa: Jumapili, pleti ileile, muda uleule, sifuri ileile. Alisema mpaka rangi ya kitambaa.

"Na viazi je?" akauliza Koleo.

"Na viazi nilizima," akasema mama, bila kutaja siku wala pleti.

Mfamasia, aliyekuwa ameegemea kabati na koti lake jeupe la kazini mkononi, alimtazama fundi kwa jicho la kusema, umeona mwenyewe. Koleo hakurudisha jicho. Mambo ya familia yalikuwa na nyaya zake, naye hakuwa na mita ya kuyapimia.

Akaanza kazi. Kwanza alizima swichi kubwa ya ukutani, ambayo ilikuwa juu sana karibu na dari, mahali alipoipenda marehemu baba wa nyumba, aliyekuwa mrefu. Mama hakuwa na bega la kuifikia tena. Halafu akafanya lile ambalo alilifanya kwenye kila jiko, na ambalo ndilo lililompa jina: alivuta vishikio vyote vitano, vile vya plastiki ambavyo mtu hushika anapowasha na kuzima, akavitia kwenye bakuli, na tangu hapo akawa anazungusha swichi kwa ncha ya koleo, akibana shafti, yaani kile kijiti cha chuma kinachochomoza kutoka kwenye swichi yenyewe. Bwana mmoja aliyemfundisha kazi alikuwa akimpiga kibao cha kisogo kila alipogusa kishikio. Plastiki ni pambo la mama mwenye nyumba, alikuwa akisema yule bwana. Fundi anazungumza na chuma. Koleo alilishika somo hilo mpaka likamganda, na koleo lake lenyewe lilikuwa limelika meno kwa kubana shafti za watu.

Akalivuta jiko, akafungua skrubu nane, akatoa bati la nyuma. Ndani palikuwa na vumbi, mende wawili waliokauka, na waya mmoja mnene ulioungua kichwani kwa sababu skrubu yake ililegea. Kitindamimba akachungulia kwa matumaini, akauliza kama huo ndio ugonjwa. Koleo akamwambia kweli. Waya wa namna hiyo unaweza kufanya jiko lipate moto kidogo au lisiwake kabisa. Haufanyi liwake likiwa limezimwa. Akaukata kichwa kibovu, akachuna ngozi yake, akaufunga upya na kukaza. Akaona pia kwamba ile taa ndogo nyekundu ya mbele, inayoonyesha jiko lina moto, ilikuwa imekufa, na mama akasema ilikufa zamani, wala hakumbuki mwaka.

Akapima pleti moja moja kwa mita. Zote nne zilisoma inavyotakiwa. Akapima kama umeme unavuja kwenda kwenye bati la jiko, hauvuji. Akapima swichi: sifuri, moja, mbili mpaka sita, na kurudi. Kila shafti ilipofika sifuri ilitoa mlio wa tik, na mita ikaonyesha kwamba njia imekatika. Alirudia ile ya mbele kulia mara kumi, kwa sababu ya mama. Mara kumi ikakata. Halafu akarudisha umeme, akabana waya mkuu kwa mita yenye mdomo kama wa kaa, akawasha pleti zote kwa koleo, zikapata moto, akazizima kwa koleo. Mita ikashuka mpaka sifuri na kutulia.

Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alifuta mikono, akasema jiko ni zima.

Hakuna aliyepumua kwa furaha. Kitindamimba akageuka kutazama dirisha. Mfamasia akakunja koti lake mara mbili, akamshukuru, akamwomba aandike hayo kwenye karatasi, kwa sababu kuna mjomba ambaye naye atataka kuona. Koleo akaandika kwenye daftari lake, akachana ukurasa. Aliandika kwamba amelipima jiko, kwamba pleti nne hazina kasoro, kwamba waya mmoja wa nyuma umerekebishwa, na kwamba swichi zote zinawasha na kuzima sawasawa.

"Naomba niione," akasema mama.

Akavaa miwani. Alisoma taratibu, midomo imefungwa, kama alivyosoma karatasi za wengine kwa miaka thelathini na mmoja kabla hazijapelekwa kwa hakimu. Akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho.

"Fundi, hapa umeandika swichi zote zinazima. Nani alizizima?"

"Mimi, mama."

"Kwa kutumia nini?"

Koleo akatazama mkono wake. "Kwa koleo."

"Basi andika hivyo. Andika kwamba zinazima kwa koleo. Mimi sina koleo, baba. Mimi nazima kwa mkono, nimeshika kile kidubwana ulichokitia kwenye bakuli tangu ulipofika."

Kitindamimba alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa. Mfamasia akasema, mama, tafadhali, fundi ana miaka thelathini kwenye kazi hii, tusianze kukamatana maneno. Mama akajibu kwamba yeye pia ana thelathini, na mmoja zaidi, kwenye kazi ya kukamatana maneno.

Masikio ya Koleo yalipata moto. Mtu akishaambiwa kazi yake na mteja aliyekaa kwenye kiti, lazima kwanza akasirike, na yeye alikasirika kwa muda unaotosha kufunga skrubu mbili. Ya tatu ikamshinda. Akakaa kitako palepale sakafuni nyuma ya jiko. Alifikiri nyumba alizopitia, wangapi wamemwambia jiko linawaka lenyewe, naye akawapimia kwa koleo, akasema ni zima, akaenda zake. Hakuweza kuwahesabu. Hakuona aibu hasa. Ilikuwa kama mtu kugundua kwamba kwa miaka mingi amekuwa akipita mtaa fulani bila kujua kuna mlango.

"Siku ya beseni," akasema akiwa bado chini, "ulisema ulipika saa moja na nusu, na oveni ilikuwa inawaka."

"Nilisema."

"Basi pika hivyohivyo."

Mfamasia akasema ana zamu saa kumi. Koleo akamjibu kwamba jiko halijui zamu. Kama anataka karatasi yenye maana, asubiri, na kama ana haraka, karatasi ile ya kwanza iko mezani, aichukue. Mfamasia alitazama karatasi, akatazama kiti cha mama yake, kisha akatoka uani kupiga simu kazini. Aliporudi akavuta kigoda akakaa.

Koleo akarudisha vishikio kila kimoja mahali pake. Akaliacha jiko limevutwa mbele, bati la nyuma likiwa wazi na mita yake imebana waya, akawaonya wote wasipite upande huo. Mama akajifunga kanga, akaweka maji na nyama kwenye sufuria kubwa, akawasha pleti ya mbele kulia, akawasha oveni, akakanda unga. Hakufanya kwa haraka wala kwa madaha. Alikuwa anapika.

Saa moja na nusu ni ndefu jikoni kwa watu wasio na la kusema. Kitindamimba ndiye aliyeanza kupiga soga, akamwambia dada yake aache kumwangalia mama kama chupa ya dawa iliyopitwa na tarehe. Dada akamjibu kwamba yeye hupima viwanja vya watu kwa jicho moja, hivyo hana haki ya kusema habari za kuangalia. Mama akawaambia wote wawili kwamba wanaziba hewa. Baadaye akamgeukia Koleo, akamuuliza mkewe nyumbani anazima jiko kwa kutumia nini, mkono au koleo.

"Kwangu tunapikia gesi," akasema Koleo.

Hapo hata mfamasia alicheka, mara ya kwanza tangu fundi afike, na kicheko chake kilikuwa sawa kabisa na cha mama yake, kifupi na kilichokatwa mwishoni.

Mkate ukaiva. Mama akazima oveni, ikalia tik, akautoa mkate. Nyama ikaiva. Koleo akaenda kusimama nyuma ya jiko, macho kwenye mita. Alimwomba mama azime kama anavyozima siku zote, asiongeze wala asipunguze.

Mama akashika kishikio cha mbele kulia, akakizungusha mpaka sifuri ikakaa sawa na alama. Akaondoa sufuria, akaiweka kando.

Mita ikashuka. Ilishuka kwa kasi, halafu, chini kidogo ya ampea moja, ikasimama.

Koleo akangoja. Akafungua mdomo wa mita, akaufunga tena, maana vyombo navyo hukosea. Ikasoma ileile, nukta tisa. Alimwita mfamasia aje asome kishikio, naye akasoma sifuri. Akamwita kitindamimba aje asome mita, naye akasoma nukta tisa. Kisha akawaambia wakae tena, kwa sababu pleti iliyotoka kupika huwa na moto hata ikizimwa, na yeye hataki mtu aamini kwa kumwonea huruma mama. Wakakaa nusu saa nyingine, hakuna aliyecheka. Ilipotimia, Koleo akachukua kijiko, akadondosha maji juu ya pleti ya mbele kulia. Matone yakaruka, yakafanya chsss, yakatoweka.

Mama alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena.

Koleo akazima ukutani. Akavuta kishikio kikiwa bado na joto, akakigeuza tumbo juu. Ndani ya kishikio cha namna hiyo kuna tundu ambalo shafti huingia, na kando ya tundu kuna kibanio kidogo cha chuma, chembamba kama kucha, kinachokamata shafti isicheze. Kibanio hakikuwepo. Na plastiki yenyewe ilikuwa na ufa. Akawaonyesha. Kikiwa cha baridi, ufa umefumba, kishikio kinashika shafti kwa nguvu na swichi inafika sifuri. Kikipata joto la oveni na la sufuria kwa saa nzima, plastiki inalegea, ufa unafumbuka, kishikio kinapwaya. Mkono unafika sifuri, swichi inabaki kwenye moja. Moto wa moja ni mdogo, hauonekani, hausikiki, lakini unayeyusha beseni. Na ile taa nyekundu ambayo ingesema ilikuwa imekufa.

"Nilikuja asubuhi yake," akasema mfamasia polepole. "Siku ya pili baada ya beseni. Nilikijaribu mwenyewe. Kilikuwa sawa."

"Kilikuwa cha baridi," akasema Koleo.

Akakitia kwenye maji baridi ya sinki, akakifuta, akampa. Mfamasia akakivika kwenye shafti, akakizungusha. Kikakamata kama kipya.

Kitindamimba akakiomba. Alikigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, ukingoni mwa ufa palipokuwa na chembe ya rangi ya krimu, rangi ya ukuta. Uso ukamshuka. Akasema ni yeye aliyepaka rangi chumba hiki cha kupikia miezi minne iliyopita, ili kumfurahisha mama, na kwamba alivitoa vishikio kwa kuvichokoa na bisibisi, akaviloweka kwenye maji ya moto na sabuni. Aliona kitu kama kucha kinateleza na kuingia kwenye bomba la sinki. Alidhani ni taka.

"Ulidhani," akasema dada yake.

"Mwache," akasema mama. "Ukuta ulipendeza."

Kwenye mfuko wa vikorokoro Koleo alikuwa na kishikio kilichotoka kwenye jiko lililokufa, cha kahawia, kibanio chake kizima. Akakivika. Akaweka na taa nyingine. Jiko jeupe likawa na kishikio kimoja cha kahawia kama jino la bandia. Akawasha, taa ikawaka. Akazima, kwa mkono safari hii, taa ikafa na mita ikafika sifuri. Akakaa mezani kuandika karatasi ya pili.

Mfamasia alikuwa amesimama mbele ya jiko. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye, akiletewa karatasi ya daktari yenye dawa tatu, lazima azitazame zote tatu.

"Fundi," akasema, "na viazi? Viazi navyo vilikuwa hapa mbele kulia?"

Koleo akaacha kuandika. Hakuwa ameuliza. Alinyanyuka akatazama pleti. Ile ndogo ya nyuma, kushoto, ilikuwa na duara jeusi ambalo hata usafi wa mama haukuweza kuliondoa. Sufuria iliungulia pale. Na haikuungua kwa moto wa moja. Moto wa moja haukaushi sufuria ya maji na kukifanya chuma chake kiwe chekundu.

Akavuta kishikio cha pleti hiyo, akakigeuza tumbo juu. Alijua kwamba wote wanamtazama. Kitindamimba alimtazama zaidi, kwa macho ambayo hayakuhitaji tafsiri. Ingetosha Koleo kusema kwamba vishikio vyote ni vya umri mmoja, na vya umri huo haviaminiki. Hakuna ambaye angepinga. Ingekuwa hata na chembe ya ukweli. Akaingiza ncha ya koleo kwenye tundu, akagusa kibanio. Kilikuwepo, kigumu, kimekaza.

"Hiki ni kizima," akasema.

Watu watatu wakatafuta mahali pa kuweka macho. Wa nne, mama, alikuwa anakata mkate. Alimaliza kipande alichokuwa anakata, akaweka kisu.

"La viazi ni langu," akasema. "Niliviweka, nikaenda kujinyoosha kidogo, nikashtuka nasikia kioo kinavunjika. Sikukumbuka hata kwamba nilikuwa na viazi."

"Lakini ulisema ulizima," akasema mfamasia.

"Nilisema. Mara mbili za kwanza nilisema kweli, mkanitazama kama mnavyowatazama wagonjwa. Ya tatu nikajua nikikiri hiyo moja mtaniandikia zote tatu. Nikadanganya." Alimgeukia Koleo. "Andika, fundi. Pleti ya mbele kulia, mara mbili: jiko. Pleti ya nyuma kushoto, mara moja: mwenye jiko."

Koleo akaandika kama alivyoambiwa, neno kwa neno, akampa asome. Mama hakupata cha kusahihisha isipokuwa nukta moja, akaiweka kwa kalamu yake mwenyewe, kisha akamkabidhi binti yake karatasi.

Mfamasia aliisoma amesimama. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa ndefu. Kitindamimba akafungua kinywa, na mama akamtazama, akakifunga. Kwa hesabu za kitanda kilichonunuliwa, karatasi ile haikuwa imempa mfamasia ndiyo wala hapana. Jiko lilikuwa bovu kweli, na mama alikuwa amesahau kweli, na shauri walilokata lilikuwa na njia mbili tu.

"Ungeniambia," akasema mwishoni, sauti ya chini.

"Nimekuambia."

Binti akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa koti lake jeupe, pale anapotia kalamu. Halafu akamgeukia Koleo, akamuuliza, kwa ile sauti yake ya dirisha la dawa, kama kuna kifaa chochote cha kumfaa mtu ambaye mara moja moja huenda kujinyoosha.

Koleo akasema kipo. Kuna swichi yenye saa, hufungwa ukutani kabla ya jiko: unaizungusha unapoanza kupika, inahesabu yenyewe, muda ukiisha inakata umeme wa jiko zima, hata kama pleti zote zimeachwa kwenye sita. Mtu akitaka kuendelea anaizungusha tena. Ikifungwa mahali mkono unapofika, na ile ya juu karibu na dari ikaachwa kazi yake ya fundi, sufuria haitaungua.

"Nani anaizungusha?" akauliza mama.

"Anayepika."

"Si anayekuja kukagua?"

"Anayepika, mama."

Mama akafikiri. Akasema afadhali iwekwe pale kando ya kabati, usawa wa kifua chake yeye, si wa mtu mwingine, na Koleo akachora alama ukutani kwa penseli, juu ya rangi ya krimu. Kitindamimba akasema kama ni kutoboa ukuta yeye anaweza kutoboa, na dada na mama wakamwambia kwa pamoja akae.

Kifaa chenyewe Koleo hakuwa nacho kwenye mfuko. Ingebidi akitafute mjini, na kesho alikuwa na kazi nyingine, na Jumamosi, akaanza kusema, halafu akakumbuka kwamba Jumamosi katika nyumba hii si siku ya kutajwa hivihivi. Akasema anaweza kukileta Jumatatu.

"Jumatatu nitakuwepo," akasema mama.

Aliyemwita kwenye kazi hii alikuwa binti, na Koleo akamtazama binti. Mfamasia alikuwa ameshachukua kipande cha mkate, anakila amesimama, jambo ambalo mama yake hakulipenda na ambalo siku hiyo alilinyamazia. Alimeza kwanza.

"Njoo mchana, fundi," akasema. "Asubuhi huwa anafua."